Fahali Wawili wa Chumba cha Chini

Mimi si mshairi. Ni mhasibu wa manispaa,
na Januari hii nimeandika tarakimu moja,
nikaifuta, nikaiandika tena,
kama mtu anayepangusa kioo akidhani doa liko nje
kumbe liko upande wake.

Euro elfu tisa mia nne. Mwezi mmoja,
shule moja ya Lehtovaara, watoto sitini na wawili,
na mpishi Aune anayevaa soksi mbili mbili.

Nasi tulikuwa tumeahidiwa nafuu.
Septemba walikuja mafundi kutoka Oulu
wakafunga pampu ya joto nyuma ya ukumbi wa mazoezi,
sanduku jeupe lenye feni, likoromalo kama paka aliyeshiba.
Halichomi kitu, walisema. Linachota joto hewani,
hata katika hewa yetu hii ing'atayo masikio:
umeme kipimo kimoja, joto vipimo vitatu.
Ila tanuri la mafuta msiling'oe.
Baridi ikipindukia, sanduku huishiwa pumzi,
hapo mzee alipokee mzigo.

Diwani Kyösti akauliza kikaoni:
mashine mbili za nini?
Nani hununua jozi mbili za viatu kwa miguu miwili?
Wewe, nikamjibu. Za kiangazi na za theluji.
Wakacheka, wakanyoosha mikono, likapita.

Sasa anayecheka ni yeye.
Fahali wawili, ananiambia dukani, mbele ya mizani ya viazi,
hawakai zizi moja.

Nikashuka chini kwa Sulo.
Miaka thelathini na mmoja anatunza shule ile;
grafu hazisomi, anazo ila anafunikia kikombe cha kahawa.
Shika hapa, akasema. Nikashika bomba liendalo madarasani. Moto.
Shika na hapa. Bomba lirudilo. Moto vilevile.
Unaona? Maji yametumwa kazi
yakazunguka, yakarudi na mzigo wao kichwani.
Sanduku likiyapokea hivyo hudhani kazi imekwisha,
linalala.
Na huyu mzee anachoma usiku kucha.

Akafungua kidude ukutani, akavaa miwani.
Tanuri lilikuwa limeamriwa kuamka kwenye hasi tatu.
Hasi tatu!
Huku kwetu hasi tatu ni siku ya kuanika mashuka.

Hakumtukana fundi wa Oulu. Alizungusha tu
mpaka hasi kumi na saba, akaandika kwa penseli ukutani
tarehe, na jina lake, apate kulaumiwa.
Kisha tukapanda, valvu moja baada ya nyingine,
darasa la Irja, ambako dirisha hufunguliwa Januari
kwa kuwa watoto wanasinzia kwa joto,
na ukumbi, ambako mwanawe Onni Kemppi
alikuwa akiruka kamba na koti mwilini.
Hapa tunapunguza. Pale tunaongeza. Robo mzunguko.
Bili nzima ya mji imekaa kwenye robo mzunguko,
nami nilikuwa nikiitafuta kwenye karatasi.

Februari: elfu tano na mia mbili.
Kyösti alitaka niseme tumeokoa ngapi.
Sikusema. Februari ilikuwa laini,
na sijui kipi ni cha Sulo, kipi ni cha mbingu;
safu hiyo haimo daftarini mwangu.

Ila usiku mmoja, hasi thelathini na moja,
simu ililia saa tisa. Amewaka, akasema Sulo.
Peke yake. Alikohoa mara mbili, akashika.
Nikavaa, nikaenda, bila sababu ya kihasibu.
Feni ilikuwa kimya, imeota manyoya ya barafu.
Moshi mwembamba, wima, kama mstari niliouchora kwa rula.
Mmoja analala, mwenzake anakula.
Zizi ni moja. Ilibidi tu mtu ajue zamu ni ya nani.

Aune bado anavaa soksi mbili mbili.
Anasema ni mazoea.