Ubao Uliokataa Kona

Oveni ilikufa tarehe tisa Novemba, bila wosia.
Mwenye nyumba aliandika: kesho.
Kesho yake sasa ina ndevu, imeoa, ina wajukuu.
Na mimi, kwa mdomo wangu huu,
nilishasema ukumbini mbele za watu:
kitindamlo cha Krismasi niachieni.
Wakapiga makofi. Makofi hayarudishwi dukani.

Basi, hakuna kuoka.
Nimefungua kabati la nguo, nikachomoa rafu ya kati,
nikaisugua kwa chumvi na ndimu hadi ikalia,
nikailaza mezani: ubao mtupu.
Kwetu mtu akisema ubao unamuuma
hasemi habari za seremala.
Anasema tumbo.

Mghoi, miaka saba, mzaliwa wa Paisley,
anaponda biskuti mfukoni kwa kitako cha chupa,
anaponda kama zimemkosea.
Siagi. Asali. Iliki iliyosafiri ndani ya soksi.
Tunafinyanga vidonge, tunavigaragaza kwenye nazi
vinageuka theluji, ile ambayo mji huu
unatuahidi mwaka wa nne
kisha unatupa mvua.

Roshani ndiyo friji yetu ya pili, haidai umeme.
Nafunika trei kwa kanga, nafunga mafundo manne:
shakwe wa hapa hawana haya,
mmoja amesimama ukingoni anasoma jina la kanga.

Chokoleti inalainika juu ya mvuke wa birika.
Tende nazing'oa kokwa mojamoja,
pale pa kokwa napachika lozi.
"Mama, sasa ina jino."
Stroberi zinavalishwa kofia za krimu,
nyingine zimevaa upande, kama walevi wa harusi.
Mnanaa unajifanya msonobari.
Machungwa madogo yanazunguka ukingo,
kashata za pinki, zabibu, karanga zenye vumbi la mdalasini.
Katikati naacha nafasi ya kiganja.
"Ya nani hiyo?"
Sijui. Chombo kilichojaa pomoni hakina adabu.

Saa tisa alasiri, mwanga unafunga virago.
Mwakio ameshika mbele, mimi nyuma.
Lifti ikatutazama, ikafunga mdomo.
Tukashika ngazi.
Ghorofa ya tatu, kona.
Inua. Inamisha kidogo. Usiinamishe!
Tende tatu zikaruka, ngazi kwa ngazi,
zikapiga hodi huko chini kwa wasiotujua.
Ubao ukagoma kama punda mbele ya daraja.
Na kweli, ulipopanda humu
ulikuwa ndani ya boksi, umesimama wima,
hauna kitu mgongoni.

Mlango ukafunguka. Bi Senga.
(Jina la Kiskoti hilo; siku ya kwanza
nilipoliona mlangoni, nilimsalimia kwa lugha yetu,
naye akaitikia, sijui aliitikia nini.)
Akatazama ubao, akatutazama sisi,
akaleta viti viwili, ubao ukatua hapohapo.
Akatua na bilauri yake ya sheri
katikati, kwenye nafasi ya kiganja.

Mwakio akapiga simu ukumbini: pandeni.
Wakapanda. Wakesho na pacha wake, nusu ya kwaya,
mchungaji anahema, ameshika goti.
Wakakaa kwenye ngazi, kila ngazi na mtu wake,
tende ikipita juu, kashata ikipita chini,
mkono hadi mkono.
Kijana wa ghorofa ya kwanza, asiyesalimiaga mtu,
akatokea na tende tatu kwenye karatasi.
"Zenu hizi," akasema.
Akapewa sita.

Mtu akaanza kuimba, taa ya ngazi ikazimika
kama kawaida yake kila dakika mbili,
na kila ilipozimika mtu aliipiga kiwiko, tukaendelea kutafuna.

Ubao umerudi kabatini.
Januari inakatika na mashati ya Mwakio
bado yananuka iliki kazini.
Upande wa chini kuna alama ya dole gumba, chokoleti, dogo.
Kitambaa kimepita hapo mara mbili.
Kimepita pembeni.