Kisanduku cha U

Shilingi mia mbili, simu inalia ting,
na lango la Jumba la Harakhji linafunguka nusu;
nusu ya pili imeshikwa na kutu.
Nyuma yetu Ngara inapigia viatu kelele.

Kalpana, kitukuu cha mwenye jumba,
anatutangulia na tochi na funguo saba.
"Msikanyage vigae vyenye tausi," anasema.
"Vilitoka Gujarati, kila kimoja kimefungwa majani makavu kama yai."
Tunapita pembeni, kama waliochelewa msibani.

Ukumbi. Nguzo. Vioo vya rangi
vinamwaga zambarau juu ya soksi zangu.
Picha za mabwana wenye vilemba: siwatafuti hao.
Nimemfuata babu yangu Muthengi,
ambaye hakuwahi kupita mlango wa mbele.

Ngazi za ghalani zinanuka bizari hadi leo.
Hapa, nyuma ya magunia ya unga wa dengu,
paliwekwa mtambo wa kuchapia.
Juu, wanawake wa nyumba walikanyaga cherehani sita kwa pamoja
usiku kucha, bila uzi, bila kitambaa,
kelele ifunike kelele.

Askari walikuja kutafuta risasi.
Wakachana magunia, wakatoka weupe kama waliofufuka.
Risasi zilikuwa mbele ya macho yao,
trei kwa trei, a mpaka z,
na bibi mmoja akawapa kadi ya harusi, wino bado mbichi.
Harusi ya nani, Kalpana hajui.

Babu alisoma kila kitu kinyume.
Kule Kaloleni alinifundisha jina langu kuanzia mkiani,
nikachapwa shuleni kwa hilo.
Hakusema alikojifunzia.
Vidole vyake vilinuka mafuta ya taa hata siku tulipomwosha.

Ukutani kuna karatasi moja iliyosalimika.
Nasogea mpaka pumzi yangu inatia kioo ukungu.
Neno kubwa katikati, lenye u tatu.
Ya kwanza ni u.
Hizi mbili nyingine zina vijipembe mahali si pake.

"Herufi ziliagizwa kwa hesabu ya Kiingereza," anasema Kalpana,
"e tele, u za kuhesabu. Kisanduku kilikuwa kikiisha mapema.
Mpangaji alifanya alivyoweza."

Narudia kutazama.
Babu yangu, mtu aliyevuka barabara
kumkwepa mbwa wa jirani,
alichukua n
akaipindua.
Kisha akachukua nyingine.