Vipande Arobaini na Vinane

Dalali alikuja Longton Jumanne, na futi kamba yake na miwani,
akafungua kabati la vioo, akahesabu bila kugusa.
"Pauni kumi na tano kwa vyote," akasema,
"na hapo nimewaonea huruma.
Maharusi wa siku hizi hawavitaki."
Mama akatazama zulia.
Mimi nikatazama birika,
limeinua mdomo kama bata aliyetukanwa.

Vipande arobaini na vinane:
sahani kubwa, sahani ndogo, visahani,
vikombe vyenye sikio jembamba
lisilopitisha kidole cha mtu aliyewahi kufanya kazi,
na chombo cha mchuzi ambacho, tangu nizaliwe,
sijakiona na mchuzi.

Bibi alivinunua kimoja kimoja, kila Ijumaa ya mshahara,
akikatwa juu kwa juu pale pale kiwandani
alikokaa miaka thelathini na mmoja
akivisha kaure ukingo wa dhahabu:
brashi ya nywele chache, pumzi ameibana,
gurudumu linazunguka,
duara moja, usitetemeke,
jingine, usitetemeke.
Mfinyanzi hulia gaeni.
Yeye alilia kwenye bati,
na chai akanywea kikombe cha plastiki
kilichokuja bure na sabuni.

Vilitoka kabatini mara nne.
Harusi ya mama. Ubatizo wangu.
Siku daktari alipokuja kusema habari ya babu,
akalishwa keki kwanza, ili achelewe kuisema.
Na matanga yake mwenyewe, Enid Colclough,
wageni wakishika vikombe kwa mikono miwili
kama watu walioachiwa mtoto wa wenyewe.

Nilipiga hesabu kwenye basi:
miaka hamsini na sita ya kupangusa vumbi,
mara nne za kula.

Nikavichukua. Usiniulize.
Naishi Manchester, ghorofa ya saba,
jiko la hatua tatu, kabati la vyombo lina viatu.
Nikavifunga magazeti, nikavisukuma mvunguni,
nikawa nalala juu ya karamu isiyoliwa.

Hadi Alhamisi moja ya Novemba, kila chombo kichafu,
mvua inapiga kioo, njaa haina adabu.
Nikatoa sahani moja, nikaimiminia maharage ya mkebe,
nikaitia kwenye maikrowevu.
Cheche!
Ukingo mzima ukawaka buluu, ukatatarika kama mafuta,
dhahabu ya bibi, baada ya miaka yote ile ya kiza,
imepata la kusema.
Nikazima. Nikacheka peke yangu.
Nikala maharage baridi.

Wenzangu kazini wananiuliza: yana faida gani?
Hayana. Mashine ya kuoshea huyala dhahabu.
Kikivunjika kimoja, mwenzake hapatikani.
Sahani nyeupe ya bei ya mkate
haidai kitu, na hakuna wa kuililia.
Hoja zote ziko upande wake, nami sibishi.

Ila hizi huoshwa kwa mkono,
na mkono ukiwa majini, mtu husimama.
Naiinua moja kwenye taa:
udongo, na majivu ya mifupa ya ng'ombe,
nyembamba hata naona vidole vyangu upande wa pili.
Naigeuza. Kando ya mhuri wa kiwanda
kuna nukta mbili na mkia.
Si sahihi ya msanii. Ni alama ya kudai ujira,
kwa kila dazani, kwa mtu asiyeandikwa jina.

Jumapili Dilwyn aliangusha kisahani.
Akageuka rangi, samahani, samahani,
akipiga magoti kuokota.
Nikamwambia vimebaki arobaini na saba,
nikamwongezea chai.

Gae kubwa nimeliweka kando ya sinki.
Linabeba sabuni.
Ukingo wake umebaki nusu duara,
na haukutetemeka.