Mizani ya Mwashiuya

Betri nne za zambarau, nimezifunga kwenye pindo la khanga
kama mama anavyofunga nauli.
Ganda linasema: uwezo elfu tisa mia tisa.
Muuzaji pale Sido ameapa kwa kaburi la bibi yake,
na bibi yake namjua, yuko Iyunga, anauza ulezi.

Sikwenda nyumbani. Nilipandisha hadi kwa Mwashiuya,
mnunuzi wa dhahabu ya Chunya,
kichumba chenye nondo mlangoni
na mizani ndogo ndani ya kioo, isiyotaka hata kupumuliwa.
"Leo umeleta punje au vumbi?"
Nikamwekea betri.

Akacheka mpaka kofia ya sufu ikamshuka machoni.
Kisha akapima, maana mkono wake hauna kazi nyingine.
Gramu ishirini na sita.
Ile ya zamani, niliyoichomoa kwenye kompyuta iliyokufa ya shule,
haina hata shati:
gramu arobaini na tano.
"Hii yako mpya," akasema, "imeshiba upepo."
Tuliipasua nyuma ya duka. Ndani, kibetri kama kidole cha mtoto,
na unga mweupe kujaza nafasi,
debe lililobonyezwa kitako.

Baba alichimba Makongolosi miaka kumi na mmoja.
Hakuniachia dhahabu. Aliniachia meno,
kuuma kitu kabla ya kukiamini.
Ndiyo maana kapasita naitazama utosi;
ukiwa umevimba, namrudishia mwenyewe.
Rizista naisoma rangi, halafu naiuliza mita,
kwani kahawia na nyekundu chini ya taa za Mwanjelwa ni mapacha.
Mota naizungusha kwa vidole karibu na sikio:
nzima hunong'ona,
mbovu husaga mchanga.
Jicho la kuona ukuta lilitoka Kariakoo kwenye buti la basi,
ndani ya boksi la viatu. Sikulilipia
mpaka lilipoona kiganja changu.

Wiki tatu jikoni, Juni, moshi wa lehemu
na moshi wa pumzi zetu hautofautiani.
Mdogo wangu Tusajigwe alishika tochi,
akauliza kwa nini kigari kinachunguzwa kama mchumba.

Jumamosi tukakiweka sakafuni.
Kimya.
Nikapima betri. Nzima.
Mota nzima. Waya, kiungo kwa kiungo, nzima.
Saa mbili nimepiga magoti nakisomea mashtaka,
hadi Tusajigwe alipogusa swichi kwa ukucha:
swichi ya shilingi mia tatu
niliyoitupia kikapuni huku nadai chenji.
Sikuiuma.

Nikaing'oa, nikasokota waya mbili zikabusiana.
Kikaondoka. Kikapita chini ya meza,
kikaufikia ukuta, kikasita
kama mtu aliyesahau jina la mwenyeji,
kikageuka, kikaja, kikageuka tena,
nasi tunakikimbiza huku na huku jikoni,
hatuna pa kukizimia.