Kumbukumbu Haikutosha

Kaka yangu Ushangi aliacha vitu vitatu:
koti lisilo na vifungo,
deni la mkate kwa Natela wa ghorofa ya chini,
na kompyuta ya mezani iliyovuliwa ubavu,
feni yake imeota manyoya ya nyuzi zangu
kwa kuwa tulifanya kazi chumba kimoja,
yeye na sarafu zake zisizoshikika,
mimi na suruali za watu wa Kutaisi.

Ndani ya diski, faili moja: pochi yake.
Pochi haifunguki ila kwa programu iliyoifunga,
na programu hiyo haipo tena popote
isipokuwa msimbo wake, wazi kwa kila mtu,
kitambaa kilichokatwa kikaachwa bila uzi.
Nikasema: kushona ninakujua.

Sikukujua.

Siku ya kwanza, mstari wa kumi na nne:
*maktaba haipo.*
Nikaileta maktaba. Ikakataliwa, ni mpya mno,
milango aliyoizoea msimbo imezibwa kwa matofali.
Kipya kinyemi, husema watu,
waje waseme mbele ya skrini hii.
Nikatafuta ya zamani, ya mwaka ule
Ushangi alipokuwa bado na nywele,
nikaipata, nikaijenga nayo kwanza,
maana ili kujenga hiki sharti ujenge kile,
na kile nacho kinadai chake.

Siku ya tatu ikalalamika haijui foleni ni nini,
foleni yenye vichwa viwili, ya kuingilia huku na huku.
Makosa mia mbili na sita, mekundu kama upele.
Kumbe ni mstari mmoja, juu kabisa ya faili,
ambao zamani haukuhitaji kuandikwa.
Nikauandika. Kiraka cha kwanza maishani mwangu
kisichogusa goti la mtu.

Ikaenda.
Theluji ilikuwa inanyesha juu ya Rioni, ikaenda,
asilimia arobaini, sitini, nikapiga pasi mashati mawili,
sabini na moja.
Kisha neno moja, bila jina la muuaji:
*Imeuawa.*

Mzia, binti wa jirani, akaja na daftari lake la hesabu,
akatazama, akatafuna mkate wangu, akasema:
«Kumbukumbu haikutosha.»
Nikakaa chini.
«Umeweka mafundi wanne kwenye meza ya mmoja.
Weka mmoja. Na ukope nafasi kwenye diski.»
Anasema hivyo, mtoto wa miaka kumi na mitatu,
wala hajui alichonigusa.

Nikaweka mmoja. Nikakopa.
Usiku kucha fundi huyo mmoja alikoroma
chini ya meza ya kukatia, na mimi kitandani
nikisikiliza chumba kikiwa na mtu tena.

Asubuhi dirisha likafunguka, la kijivu, baya, lake.
Nywila nilikuwa nayo: aliichora kwa chaki
nyuma ya bango langu la vipimo, kiuno na paja.
Sarafu elfu kumi na moja na mia nne.
Na pembeni, kwa herufi ndogo:
*Waliounganishwa: 0.*
Hakuna mwingine duniani anayeuendesha mnyororo huu.
Elfu kumi na moja za kitu
ambacho hakuna wa kukipokea.

Nilitaka kuzima. Mkono ukagonga orodha ya anwani,
kila moja ameipa jina, kwa mpangilio wake mbovu:
*Natela mkate. Umeme. Umeme tena.*
Ya mwisho ina sarafu mia tisa, haijaguswa:
*Cherehani ya Lamara, bado.*

Leo nimesafisha feni kwa brashi ya kola.
Natela nimemlipa, kwa lari, kwa mkono.
Kompyuta sijaizima. Umeme unakula, najua.
Kila nikibadilisha uzi natupa jicho pale pembeni.
Sifuri.
Mteja ananiuliza suruali yake.
Bado, namwambia.
Bado.