Baki

Mjomba Lubango alilipa ada ya uhasibu,
si ya hiki.
Alilipa kwa noti zilizonuka dagaa wa Mwaloni,
akazihesabu mara tatu mbele yangu,
akasema: mhasibu halali njaa.

Mwaka mmoja na nusu nikasawazisha vitabu
vya makampuni yasiyokuwepo.
Kushoto, kulia, kulia, kushoto,
na pande zikipishana kwa shilingi mia
unarudi ukurasa wa kwanza kusaka kosa,
maana tofauti ni aibu,
tofauti ni mtu kala.

Kisha mvua ya Machi ikanikimbiza
hadi ndani ya darasa lisilo langu.
Ubaoni: thibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho.
Nikakaa nyuma, sketi ikichuruzika.
Mwalimu akasema, haya, tuseme zina mwisho,
akailisha dhana hiyo, akainenepesha,
mpaka ikapasuka yenyewe.
Mvua ilikatika. Sikutoka.

Hesabu, hisabati, uhasibu:
tumbo moja, watoto watatu,
nami nilikuwa nimeposwa na asiye wangu.

Fomu ya kubadili kozi inataka mihuri minne.
Mwenye mhuri wa tatu alikuwa likizo, Magu.
Mjomba, kwenye simu, alinyamaza
mpaka salio likaisha, sijui la nani.
Mama akashusha ndoo yake juu ya jabali, kule Igogo,
akauliza: hiyo hisabati inauzwa wapi?
Sikuwa na jibu.
La kumridhisha, bado sina.

Mtihani wa kwanza nilipata thelathini na moja.
Namba tasa.
Nilicheka peke yangu chooni, halafu nikalia.

Daftari la uhasibu lilibaki na kurasa tupu,
na karatasi haitupwi kwetu.
Jumamosi, nikingoja kivuko cha Kamanga
nikafundishe watoto wa ng'ambo kugawanya kwa saba,
niliyahesabu magugu maji:
mafungu yanayoingia ghubani, safu ya kushoto,
mafungu yanayotoka, safu ya kulia.
Wiki tisa. Hakuna aliyenituma.
Mpasua tiketi alidhani natoka serikalini,
akawa ananiamkia.

Tangazo likabandikwa: nafasi mbili za utafiti
kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza.
Tulijaa koridoni, arobaini na kitu.
Wenzangu walikuja na alama zao ndani ya bahasha ngumu.
Mimi nilikuja na daftari linalonuka mafuta ya taa.

Dakta Nyangeta alifunua taratibu,
kama anayetoa mifupa kwenye samaki wa mtoto.
Yaliyoingia: mia nne na sita.
Yaliyotoka: mia tatu themanini na tisa.
"Haya kumi na saba yako wapi?"

Uhasibu wote ukanipanda usoni.
Nikafungua kinywa niombe radhi,
nikasikia kinasema: sijui.
Labda yanaungana huko ndani,
yanaingia mawili, linatoka moja nene.
Labda yanazama.
Labda mimi sijui kuhesabu ukungu ukiwepo.

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge.
"Yaandike hayo matatu," akasema.
"Tutaanza na lipi?"

*Tu.*
Nilishuka kilima kizima na silabi hiyo moja
nikiigeuza ulimini kama punje ya karanga.

Mlangoni waliandika Ngwalu, bila ule mkato wangu.
Nikauchora mwenyewe kwa kalamu: Ng'walu.
Jioni mjomba akatuma elfu tano,
hakuna neno.

Leo niko tena gatini, daftari jipya, mistari ileile.
Fungu linaingia, yangeyange kasimama juu yake
kama mwenye nyumba.
Linagonga nguzo. Linapasuka nusu.
Ndege anatazama kipande hiki, anatazama kile.
Kalamu yangu iko hewani.