Mstari wa Saba

Mwezi huu karatasi ya mshahara ina mstari mpya.
Wa saba: chini ya bima, juu ya mkopo wa baiskeli.
Malezi ya mtoto, mwajiri analipa nusu.
Niliusoma nimesimama mlangoni kwa mhasibu,
nikausoma tena chini ya taa ya ghala,
vidole vikaiachia karatasi alama za asali.

Nusu ni neno ninalolijua.
Nusu kilo. Nusu siku. Nusu kibaba.
Mwaka mzima Limi alikuwa nusu mwanafunzi:
asubuhi kambeba mdogo wake, wakizunguka Isevya,
jioni anaazima daftari la jirani
ananakili hesabu ambazo hakuwepo zikifundishwa.
Ana miaka kumi. Nyonga yake imeshazoea
uzito nilioupakua kwangu nikaupakia kwake.

Nami huku nachuja, napima, nafunga vifuniko,
maziwa yakivuja kila ikifika saa nne kasoro,
hayakosei, kuliko hata ile saa ya ukutani.
Bwana Kashindye, msimamizi, akiona doa kwenye aproni
hugeuza uso akaitazama mizani.
Sijajua bado kama ni adabu au ni woga.

Sasa Mihayo ana kikombe chenye jina lake
katika chumba cha mikeka ya bluu, nyuma ya kituo cha mafuta.
Siku ya kwanza alilia mpaka sauti ikamkauka.
Ya tatu alinipungia mkono bila kunitazama,
macho yote yako kwenye gari la makopo.
Hilo halikuandikwa kwenye karatasi,
wala halikukatwa kodi,
nikatembea nalo peke yangu mpaka kazini.

Lakini kituo kinafungwa saa kumi,
na asali ya Juni haijui saa kumi.
Ndoo zikija usiku kutoka Sikonge tunachuja usiku,
na ile nusu nyingine, isiyo na mlipaji,
inarudi mgongoni kwa Limi.

Na Milembe, anayesimama kushoto kwangu,
anayefunga vifuniko upesi kunishinda,
hana mstari wa saba. Hana hata wa kwanza.
Kibarua hulipwa mkononi,
na mkononi hapaandikwi kitu.
Mwanawe hulala ndani ya boksi la chupa,
kitenge juu, kwa ajili ya nyuki
wanaoifuata asali yao mpaka kiwandani.

Jana aliniuliza, bila wivu,
kama mtu anayeulizia njia:
"Huko ndani, wanalalia nini?"
Mikeka, nikamwambia. Ya bluu.
"Ya bluu," akarudia,
akachukua chupa nyingine,
akaifunga, akaikaza mara mbili.